Kilo Zisomeni kwa Sauti Ndogo

Kwanza mnisamehe kwa mwandiko. Herufi zangu zinalala upande kama nyasi zilizopitiwa na maji, na tahajia ndiyo kabisa, maana niliishia darasa la saba na tangu hapo nilichokuwa naandika mara kwa mara ni kilo za watoto tu. Tena naandika polepole. Ukurasa mmoja unaweza kunichukua asubuhi nzima, kwa sababu katikati anakuja mtu na gurudumu lake, naweka kalamu chini, naziba pancha, nanawa mikono, ndipo narudi. Mkikuta alama ya grisi msidhani ni herufi.

Nawaandikia ninyi wadogo zangu mnaoendesha pikipiki za kliniki ya mkoba huko Milola, Kilangala na vijiji vya nyuma yake. Kwa asiyejua, mkoba ni pale nesi anapotoka zahanati na boksi la chanjo kuwafuata kina mama walio mbali. Mimi ndiye niliyekuwa nambeba nesi, boksi na mizani. Sasa nimestaafu. Mtacheka, kwa kuwa sijafika hata miaka arobaini na wastaafu wote ninaowajua wana mvi. Lakini mguu wangu umestaafu, na mimi nimeufuata. Nakaa kwa dada yangu Kilwa Masoko, naziba pancha karibu na soko. Kila pikipiki ikipita na boksi jeupe limefungwa nyuma, nainua kichwa. Mara nyingi ni samaki.

Kuna mtoto mmoja huko kwenu ninayezitaka sana habari zake. Nitamfikia. Ila siwezi kuanza naye, maana hamtaelewa kwa nini mtu mzima anamtafuta mtoto asiye wake kwa barua.

Nianze na boksi. Nesi wangu aliitwa Fidea, Mmakonde wa huko juu kwenye nyanda zao, mama mnene mwenye sauti ya kucheka hata akiwa amekasirika. Siku ya kwanza nilizitoa pakiti za barafu kwenye friji nikazipanga haraka ndani ya boksi, nikidhani nimefanya jambo la maana. Akazitoa zote.

"Saidi, unataka kuwapelekea watoto mawe?"

"Si ndiyo baridi, nesi?"

"Baridi ikizidi inaharibu dawa kama jua linavyoharibu. Ziweke mezani, usubiri zitoke jasho. Halafu itikise moja sikioni. Ukisikia maji yanacheza ndani, hapo panga."

Mpaka leo dada yangu akitoa barafu kwenye friji naitikisa sikioni kabla ya kuitia kwenye juisi. Ananiangalia tu.

Jambo la pili ni honi. Honi yangu ya kwanza ilikufa kwa vumbi, nikaenda Lindi mjini kwenye duka la vipuri la mzee mmoja wa Kihindi ambaye familia yao ipo pale tangu zamani. Akanitolea honi yenye muziki. "Chukua hii," akasema, "inaita wateja." Nikafunga. Mkoba uliofuata nikaingia kijijini napiga muziki wangu, boksi jeupe nyuma, na watoto wakatoka mbio kila nyumba, mikono juu. Nikamwambia nesi, leo wametupenda. Tukasimama. Mtoto wa kwanza akaninyooshea sarafu.

"Ya maziwa ipo?"

Walidhani tunauza lambalamba, zile barafu tamu. Nesi Fidea alicheka mpaka akakaa chini. Lakini watoto wale walikuta sindano, na mkoba uliofuata nilipopiga honi kijiji kizima kikawa hakina mtoto. Hata mbuzi walikimbia. Mwenyekiti wa kijiji akaandika kwamba watu wake wamegoma chanjo. Hawakugoma. Walikuwa na hasira kwa kunyimwa lambalamba. Nikarudisha honi dukani, mzee yule akasema, "Si nilikwambia inaita?"

Naandika haya kwa sababu mtalisikia sana hilo neno kugoma. Mtafika mahali mkute milango imefungwa kwa kamba, mtaambiwa wamegoma, kumbe ni msimu wa ufuta na watu wote wamehamia shamba kuulinda na nguruwe. Fuateni huko huko. Mtamkuta mama ambaye haji kwa sababu mtoto akichomwa atachemka mwili, naye yuko peke yake, mume kaenda kuvua, nani atakaa naye? Huyo hataki hotuba. Anataka nesi amweleze homa hiyo ni ya kawaida na inapita, na aambiwe arudi haraka akiona nini. Halafu mtafutieni shangazi au jirani wa kukaa naye. Wapo pia waliotumiwa sauti kwenye simu na mtu wasiyemjua, kwamba chanjo ya wasichana inaziba kizazi. Nesi Fidea alikuwa anamwacha mama azungumze mpaka mwisho, hamkati. Kisha anasema, "Binti yangu mimi nilimchoma mwenyewe, na sasa nina wajukuu wananimalizia sukari." Hapo wanacheka, na mtu akishacheka anaweza kuuliza.

Mimi katika yote hayo nilikuwa sisemi. Nina haya tangu utoto. Vijana wa kijiweni waliniita Bubu. Kazi yangu ya kusema ilikuwa moja tu, na nayo nilipewa na nesi: kusoma mizani. Mizani yetu ilikuwa ile ya kuning'iniza. Naifunga kwenye tawi la mkorosho mbele ya ofisi ya kijiji, mtoto anavalishwa kaptura ya kitambaa yenye kamba, ananing'inia pale akipiga mateke, mimi nasoma, nesi aliyekaa mezani anaandika kwenye kadi.

"Sikusikii, mwanangu," alikuwa ananiambia. "Toa sauti."

Nikatoa. Kwa mtu mwenye haya, ile ilikuwa furaha ya ajabu. Sikuwahi kuwa na kitu cha kusema kwa sauti ambacho watu walikisubiri. Nikawa nazipiga kilo kama mwadhini, kina mama kwenye foleni wanageuka, wanamtazama mtoto, wanasema kanenepa huyo, kala nini. Nilidhani ndiyo raha ya kliniki.

Sasa nafika kwa Somoe.

Somoe alikaa nyumba ya mwisho ya kijiji, ukishapita kisima, kabla barabara haijaingia mashambani. Mlango wake una rangi ya bluu upande mmoja tu. Alikuwa na mtoto wa kike, Rehema, ambaye alizaliwa zahanati na kupata chanjo ya siku ya kwanza, basi. Baada ya hapo hakuonekana tena mkoroshoni. Nesi Fidea alimfuata nyumbani mara nyingi. Somoe alitoa mkeka, alileta maji, alisikiliza mpaka mwisho.

"Umenielewa, mwanangu?"

"Nimekuelewa, nesi."

"Utamleta?"

"Inshallah."

Haji. Wakaja na watu wa wilaya wakamweleza upya, kwa vipeperushi vyenye picha. Akavipokea, akashukuru. Haji. Jirani zake wakaanza kumwita Mgumu. Na wakati huo ilikuwa imesikika surua imeingia vijiji vya upande wa pili, na nesi alikuwa hali vizuri akimfikiria yule mtoto. Ananiambia njiani, "Rehema hana kitu mwilini, Saidi. Ikija itamkuta mtupu."

Siku niliyojua sababu, wala sikuwa naitafuta. Tumetoka kwa Somoe na inshallah yetu, nesi amevuka kwenda nyumba ya jirani kumtazama mama aliyejifungua, mimi naiendea pikipiki nakuta gurudumu la nyuma limelala. Nikainama kulifungua pale pale uani. Somoe akatoka na bakuli la muhogo, mtoto amefungwa mgongoni kwa kanga, amefunikwa hadi kichwa. Akakaa kizingitini akawa anamenya. Yeye hasemi, mimi sisemi. Watu wawili wenye haya wakiachwa peke yao, kazi inakwenda vizuri sana. Nilikuwa nimeshatoa mpira na kuupata mwiba ndipo akasema:

"Kaka, wewe ndiye unayesoma."

"Kusoma nini, dada?"

"Kilo. Nakusikia mpaka hapa."

Nikasema ndiyo, ni mimi.

"Sauti yako nzuri," akasema. "Ila inafika mbali."

Akamenya muhogo mwingine. Kisha akanieleza, akitazama kisu. Kabla ya Rehema alikuwa na mtoto wa kiume. Wakati huo akikaa kwa mama yake, mbali na hapa, kwenye kliniki nyingine. Alikuwa mtoto wa nguvu. Wakamning'iniza kwenye mizani, kijana wa huko akasoma kilo kwa sauti, watu wakageuka wote. Bibi mmoja akasema, mtoto huyo kilo zote hizo, mama yake anampikia nini? Wakacheka. Somoe naye alicheka, kwa kuwa alikuwa anajisikia vizuri. Wiki haikuisha, mtoto akapata homa, akashikwa na degedege, akafariki.

Nikazungusha spana mahali ambapo palikuwa pameshakaza.

"Kwa hiyo sindano..."

"Sindano ina nini?" akasema. "Nimechomwa mimi, kachomwa mama yangu. Sindano siiogopi."

"Sasa mbona hukumwambia nesi?"

"Hakuniuliza. Kila akija ananieleza sindano. Nimeshajifunza sindano mpaka naweza kuchoma."

Alisema hivyo bila kucheka, na mimi sikucheka, ila leo nikikumbuka nacheka mwenyewe kijiweni mpaka wateja wananishangaa.

Kwetu mtoto mchanga hasifiwi, hilo mnalijua. Anapakwa wanja katikati ya paji la uso ili jicho la mtu liishie pale. Ukimwona mzuri unasema mbaya huyu, na mama anafurahi. Na sisi tulikuwa tunawaning'iniza watoto hao hao juu, mbele ya kijiji, tukitangaza walivyonona. Kisha tukishangaa kwa nini wengine hawaji.

Njiani nikamweleza nesi. Ilibidi nipaze sauti kwa ajili ya upepo, ikanijia kwamba siri ya mtu naipigia kelele barabarani, nikasimamisha pikipiki ndipo nikamalizia. Nesi Fidea akateremka, akasimama mbele yangu.

"Hata kwetu juu mtoto hasifiwi," akasema. "Mama yangu aliniita Kinyago mpaka nilipoanza shule. Nilisahauje?"

Nikamuuliza kama anaamini kijicho kinaua.

"Siamini. Kilichomuua mtoto yule ni homa, na homa ina dawa ukiwahi. Hilo nitamweleza, taratibu. Ila namwamini mama anayeogopa. Mizani itoke mkoroshoni."

Mkoba uliofuata tukaomba stoo ya ofisi ya kijiji, ile yenye majembe na mabango ya zamani. Nikafunga mizani kwenye boriti, tukapitisha kanga mbili za nesi mlangoni. Mama anaingia na mtoto wake mmoja mmoja, mimi nasoma, ninaenda kumnong'oneza nesi. Naye nesi akawa anawapokea kwa maneno mapya: "Lete mbaya wako. Mbaya wa leo ni nani?" Kina mama waliangaliana, kisha wakacheka, na foleni ikawa na sura ambazo nilikuwa nazijua kwa majina ya kwenye daftari tu.

Matatizo hayakukosekana. Mwanaume mmoja alikuja na baiskeli, akasimama mlangoni mwa stoo.

"Nasikia humu kuna kijana anamnong'oneza mke wangu."

"Anamnong'oneza nesi," nesi akajibu kutoka mezani.

"Kuhusu mke wangu?"

"Kuhusu mwanao. Unataka kusikia? Njoo ushike kanga, mlango huu unahitaji bawabu."

Akashika kanga mpaka mchana. Akawa bawabu wetu wa kila mkoba, na mkali, hapitishi hata mwenyekiti.

Somoe hakuja siku hiyo. Wala mkoba uliofuata. Nesi alikuwa ameshapita kwake kumweleza kuhusu stoo, na safari hii hakutaja sindano hata kidogo. Alikaa kwenye mkeka, akamuuliza habari za yule wa kwanza. Jina lake, alianza lini kutambaa. Somoe alilia, akasema tangu azikwe hakuna aliyemuuliza jina. Lakini kuja hakuja.

Alikuja mkoba wa tatu, tumeshafunga vitu. Bawabu ameondoka, mizani nimeshaiteremsha, nesi anafuta meza. Somoe akasimama nje ya stoo, mtoto kafunikwa, kapakwa wanja nusu ya uso.

"Mmemaliza?"

"Tulikuwa tunakusubiri wewe," nesi akasema, na hiyo haikuwa kweli, lakini pia ilikuwa.

Chanjo ya surua huja kwenye kichupa cha watoto wengi. Kikishafunguliwa hakikai, cha siku hiyo kilikuwa kimeshamwagwa, na ndani ya boksi kilibaki kimoja kizima cha kurudisha zahanati. Nesi akakitoa.

"Unafungua kwa mtoto mmoja?" nikauliza.

"Kwani wewe unamwona nusu?"

Nikarudisha mizani kwenye boriti, nikashika kanga ya mlango kwa mkono mmoja. Rehema akaning'inia, hakulia, akanitazama tu kama mtu anayekagua kazi. Nikasoma. Nikamnong'oneza nesi.

"Sijasikia."

Nikanong'ona tena.

"Saidi, hata wewe mwenyewe hujajisikia."

Hapo Somoe akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. "Sema basi, kaka," akasema. "Hapa tupo sisi tu." Nikasema. Akanyanyua kidole haraka. "Basi, yatosha."

Rehema akachomwa surua na nyingine alizokuwa akidaiwa. Alilia kwa hasira, si kwa maumivu, na mama yake akamrudisha kifuani akimwambia, nyamaza, mbaya wangu, nyamaza. Nesi akageuka kutazama majembe. Somoe alipomaliza kumfunga mgongoni akauliza:

"Surua ya pili ni lini?"

"Akitimiza mwaka na nusu," nesi akasema.

Somoe akanigeukia mimi. "Utakuwepo wewe?"

Nikasema nitakuwepo.

Baada ya hapo nesi Fidea akahamishiwa huko kwao juu. Alinikabidhi kanga zake mbili na hakusema maneno marefu, alinivuta sikio tu kama mtoto. Mimi niliendelea na nesi mwingine, mzuri naye, mpaka siku niliyokuta mchanga umejaa barabarani mahali ambapo jana yake haukuwepo. Boksi lilianguka likabaki limefungwa. Mguu wangu ndio ulivunjika, mahali pawili. Nikaletwa kwa dada, na huku ndiko nilipo.

Sitawadanganya kwamba nimezoea. Nakumbuka harufu ya stoo ile, na uzito wa boksi linapoinama kushoto kwenye kona, na kina mama wakitania foleni nzima. Nakumbuka zaidi ule mnong'ono. Hapa kijiweni kila mtu anapiga kelele, na mimi nimerudi kuwa Bubu.

Mwaka na nusu wa Rehema umeshapita. Somoe hana simu. Kaka yake anayo, nikipiga haipatikani. Nesi Fidea nikiongea naye, kabla hata ya salamu anauliza, "Mbaya wetu je?" nami sina habari zake. Juzi alipita dereva mmoja kutoka upande wenu, nikamzibia pancha, nikamuuliza kliniki inaendaje. Akasema inaenda vizuri, stoo imejaa mbolea siku hizi, mizani imerudi mkoroshoni. Na kijana anayesoma, akasema, ana sauti kama spika ya msikiti. Alikuwa anamsifia.

Ndugu yangu mwenye sauti nzuri, sikulaumu. Hakuna aliyekuambia, na mimi nilikuwa wewe. Nakuomba tu utafute pa kufungia mizani penye ukuta na mlango. Kanga zile mbili ziko kwenye kabati la zahanati, chini ya vipeperushi. Kisha mwombe nesi mwende nyumba ya mwisho, ukishapita kisima, mlango wa bluu nusu. Msianze na sindano. Mwulizeni Somoe habari za mwanawe wa kwanza, na mwambieni Saidi hakuvunja ahadi, alivunja mguu. Mwambieni pia kwamba yule anayesoma sasa ananong'ona.

Barua hii nimeitolea kopi, zinakuja na makondakta. Yeyote itakayemfikia, tafadhali anijibu. Mwandiko wowote nitausoma, nina muda. Mpe kondakta wa basi linalokuja Kilwa Masoko, mwambie ni ya fundi pancha anayechechemea, pale sokoni, itanifika.

Usiniandikie kilo zake. Wala usiseme amekuwa mkubwa, wala kwamba ni mzuri. Andika tu kwamba yule mbaya yupo, na ameshachomwa ya pili.